Roboti Iliyokataa Tofali

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chilufya alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwapa bata maji, na kumpelekea baba yake chai wakati akifunga koleo na ndoo kwenye baiskeli. Kazi mbili za kwanza alizimaliza haraka. Ile ya tatu aliifanya polepole kabisa, kwa sababu Papa Ngosa alikuwa na tabia ya kumwachia nusu ya mkate wake.

Papa Ngosa alikuwa mfyatuaji wa matofali. Alitumia udongo wa kichuguu, ule udongo mwekundu ambao mchwa wamekwisha kuukanda vizuri kabla ya binadamu kufika na jembe. Kiwanja chake kilikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya Kipushi. Ukimsikiliza yeye, nusu ya nyumba za mtaa wa Hewa Bora zilisimama kwa matofali yake. Ukimwuliza habari za ile nusu nyingine, alikuambia kwamba hizo bado hazijaanguka tu.

Chilufya alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Bel-Air. Alikuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwaka huo mwalimu wao wa sayansi, Madame Christiane, alianzisha kikundi cha roboti, na Chilufya alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Roboti hakuwa akiijua. Alijua tu kwamba kikundi kilikutana saa ya hesabu ya ziada.

"Sikilizeni," Madame Christiane alisema siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika mpaka barabarani. "Siku moja watu watataka kuishi kwenye Mirihi, sayari nyekundu ambayo kwa Kifaransa tunaiita Mars. Huko hakuna hewa ya kuvuta. Baridi yake ni kali kuliko baridi yoyote mnayoijua. Nyumba lazima ziwe tayari kabla ya watu kufika. Nani atazijenga?"

"Roboti," alijibu Plamedie, msichana aliyejua kuchora kuliko wote darasani.

"Na nani ataiambia roboti weka hapa, toa pale?"

"Sisi wenyewe, Madame. Kwa telekomandi, tukibonyeza kutoka hapa."

Madame alitikisa kichwa. "Neno likitoka hapa kwetu, kuna siku litachukua dakika zaidi ya ishirini kufika kule. Roboti ikiuliza niweke wapi, jibu litaikuta imekaa chini ya ukuta ulioanguka. Kwa hiyo ni lazima ijue kazi yake peke yake. Tena itumie udongo wa hukohuko, maana hakuna mtu atakayesafirisha matofali mpaka Mirihi."

"Papa yangu anaweza kusafirisha," Chilufya alisema, "kama barabara iko muzuri."

Darasa zima lilicheka, na Madame naye akacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Siku ya Sayansi, mbele ya wazazi, roboti yao ingejenga ukuta wa mviringo, kama kibanda kidogo: matofali kumi na mawili kwa kila mzunguko, mizunguko minane kwenda juu. Hakuna mtu angeigusa. Mstari wa chaki ungechorwa sakafuni, na yeyote atakayeuvuka angekuwa ameharibu jaribio lote.

Roboti waliiunda kwa kopo la maziwa, magurudumu ya gari la kuchezea, mkono wa waya wa kushika tofali, na mota walizozitoa katika mashine ya zamani ya kuchapisha. Waliipa jina la Mchwa. Mchwa hana msimamizi wala ramani, walisema, lakini hujenga nyumba ndefu kuliko mtu. Plamedie alimchorea macho mawili makubwa, ingawa hayakuona kitu.

Akili ya Mchwa ilitoka kwa Ézéchiel. Huyu alikuwa amehamia na wazazi wake kutoka Mbujimayi mwanzoni mwa mwaka, na mpaka siku hizo wenzake walilisikia jina lake wakati wa kuitwa majina tu. Lakini alipowekwa mbele ya kompyuta ya shule, kumbe mtoto yule alikuwa na moto ndani. Aliandika programu yote: toka kwenye rundo umbali huu, geuka hivi, shusha tofali pale. Umeme ukikatika, aliendelea kuandika kwa kalamu daftarini mpaka uliporudi. Sasa watu walimwita kwa jina uwanjani, naye alianza kuitika kwa sauti.

Na matofali? Nani mwingine angepewa, kama si binti wa Papa Ngosa? Chilufya alifyatua matofali mia moja na ishirini, kila moja kama kiberiti kikubwa, katika fremu ndogo ya mbao. Baba yake alisimama karibu akimtazama.

"Sikia, mutoto wangu," Papa Ngosa alisema. "Kufyatua njo kazi ndogo. Kukausha njo kazi yenyewe. Weka kivulini, funika na gunia, geuza kila siku. Mwezi huu upepo iko mubaya. Inakausha upande mumoja, upande ingine inabaki mubichi, na tofali inapinda."

"Siku ngapi, Papa?"

"Saba."

"Saba nzima?"

"Saba. Hapana sita."

Siku mbili za kwanza Chilufya aligeuza matofali kwa moyo wote. Siku ya tatu, Jemima, rafiki yake wa jirani, alichungulia getini. Jumapili wasichana wa barabara yao wangecheza nzango na wasichana wa barabara ya pili. Nzango ni mchezo wa miguu na makofi, wa kuruka na kuimba, na bila miguu ya Chilufya barabara yao ilikuwa imekwisha shindwa. Ilibidi wafanye mazoezi, na mazoezi yalitaka jioni zote.

Chilufya akapiga hesabu yake. Kama kivuli kinakausha kwa siku saba, jua litakausha kwa siku mbili. Alitandaza matofali yote juu ya bati kuukuu katikati ya uwanja, kwenye jua na upepo wa mwezi wa sita, akaenda kuruka.

Siku ya pili matofali yalikuwa makavu kama biskuti. Lakini mengine yalikuwa yamepinda kidogo, na mengine yamekonda. Kisha akakumbuka neno ambalo amelisikia tangu utoto wake kwenye kiwanja cha baba. Mnunuzi akilalamika kwamba tofali limepinda, Papa Ngosa na wafanyakazi wake humjibu kwa pamoja: "Matope yataficha." Maana yake, fundi mwashi ana jicho, akiona tofali limepinda, ataongeza matope chini yake, na ukuta utanyooka.

Matope yataficha, alijiambia Chilufya, akayapanga matofali ndani ya katoni. Masikini, alisahau jambo moja ambalo hata bata wake wangelijua: Mchwa hakuwa na matope. Yeye aliweka tofali kavu juu ya tofali kavu.

"Umeyakausha kivulini siku saba, kama papa yako alivyokuagiza?" Madame Christiane alimwuliza Jumatatu.

"Ndiyo, Madame."

Neno lilitoka kirahisi. Tena nzango walikuwa wameshinda, na Chilufya alikuwa na furaha yake.

Mchana huo walijaribu. Mchwa alikwenda kwenye rundo la matofali, akachukua moja, akazunguka, akaliweka. Mzunguko wa kwanza ulikaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ulikaa kwa shida. Katika mzunguko wa nne tofali lilikaa upande, jirani yake akayumba, na ukuta wote ukalala chini.

"Ézéchiel," Plamedie alisema, "Mchwa wako amekunywa nini leo?"

Walicheka. Jumanne ukuta ulianguka tena, wakacheka kidogo. Jumatano ulianguka katika mzunguko wa tatu, na hakuna aliyecheka. Ézéchiel alikuwa amepima kila gurudumu upya. Wakati wa mapumziko hakula. Alikaa na daftari lake akirudia hesabu zilezile. Wenzake walianza kunong'ona kwamba mgeni yule alijifanya anajua.

Madame Christiane alikuna kichwa. "Siku ya Sayansi ni Jumamosi. Kesho mchana tutajaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, tutaonyesha michoro tu. Na programu tutamwomba Pierre wa sekondari aiandike upya. Pole, Ézéchiel."

"Sawa, Madame," Ézéchiel alisema akitazama viatu vyake. "Kosa ni langu. Sijaliona bado, lakini ni langu."

Chilufya alikuwa akiokota matofali sakafuni. Aliweka moja juu ya jingine, likacheza kama stuli yenye mguu mfupi. Aliliondoa upesi kabla mtu hajaona. Alikuwa ameelewa kila kitu, na alinyamaza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Jioni ile bukari, ule ugali wa kila siku, ilikuwa na samaki, chakula alichokipenda kuliko vyote, lakini tonge halikushuka.

"Papa," aliuliza, "tofali yenye kupinda, matope inaificha kweli?"

"Inaficha. Kama kuko matope."

"Na kama hakuna?"

Papa Ngosa aliacha kumega. "Nani anajenga bila matope?"

"Mchwa. Roboti yetu."

"Ulikausha siku ngapi, Chilufya?"

"Mbili kivulini. Mbili juani."

"Mwalimu anajua?"

"Hapana, Papa."

"Na ule mutoto wa Mbujimayi, ule unaniambia kila siku eko na akili, anajua?"

Chilufya alianza kulia. Alisimulia yote: nzango, bati, ile "ndiyo, Madame", na Ézéchiel anayebeba kosa lisilo lake. Papa Ngosa alinawa mikono taratibu.

"Leo mi sina neno," alisema. "Neno iko kwako, na utaisema kesho we mwenyewe. Mi nitakupa kintu ya kubeba."

Alichukua kipande cha ubao na kisu, akatoboa katikati dirisha dogo la pembe nne, sawasawa na kipimo cha tofali jema. Kisha akamletea jiwe la kusugulia. Hakumwuliza kama ataweza.

Alhamisi, kabla Mchwa hajawashwa, Chilufya alisimama mbele ya kikundi. Miguu yake ile myepesi ilikuwa mizito.

"Madame, programu ya Ézéchiel haina kosa. Matofali ndiyo mabaya. Niliyakausha juani siku mbili ili nikacheze nzango, halafu nikakudanganya. Jana niliona kwamba ndiyo yanayoangusha ukuta, na bado nilinyamaza. Naomba msamaha. Ézéchiel, wewe zaidi."

Ézéchiel alifunga daftari lake.

"Siku tatu," alisema. "Kila gurudumu nimelipima mara tatu. Mama aliniuliza kama ninaumwa." Kisha akauliza, "Hiyo nzango, mlishinda?"

"Tulishinda."

"Basi angalau kuna kitu kimoja kilichosimama," Plamedie alisema. Kicheko kilimtoroka Ézéchiel, ingawa alijaribu kukizuia.

Madame Christiane hakucheka. "Chilufya, umenikosea, na mwenzako umemkosea zaidi. Lakini umekuja mwenyewe, na umekuja kabla ya Jumamosi. Sasa tuambie, matofali haya yana dawa?"

Chilufya alitoa ubao wenye dirisha. Lililopinda halikupita. Lililokonda lilicheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Yaliyokonda angeyatupa. Yaliyopinda angeyasugua kwenye jiwe, moja moja, mpaka yapite sawasawa.

Ézéchiel aliuchukua ule ubao, akaugeuza, akaugeuza tena. Macho yake yalianza kung'aa.

"Madame, kule Mirihi pia kuna tofali litakaloharibika. Nani atamwambia roboti kwamba hili ni baya? Tuweke dirisha hili mbele ya rundo. Mchwa asukume kila tofali hapa kwanza. Lisipopita, aliweke kando, achukue jingine."

"Asituamini sisi?" aliuliza Plamedie.

"Asimwamini mtu," alijibu Ézéchiel, akamtazama Chilufya kwa jicho la utani.

Basi kazi ikaanza. Alhamisi jioni na Ijumaa mchana Chilufya alisugua matofali mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu na vumbi likaingia mpaka kwenye nyusi. Jemima alikuja getini akaita. "Wiki ijayo," Chilufya alijibu bila kuinua kichwa. Ijumaa, baada ya kumaliza programu yake, Ézéchiel alivuta sanduku, akakaa kando yake, akasugua matofali kumi. Lile la kumi lilipopita dirishani, alimkabidhi Chilufya. Chilufya alilipokea, na kwa mara ya kwanza wiki ile alisikia njaa.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Papa Ngosa alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa mbele kabisa na kumtazama Mchwa kama mtu anayemtazama mpinzani wake wa biashara. Madame alichora mstari wa chaki. Ézéchiel alibonyeza kitufe, akarudi nyuma ya mstari, akaficha mikono mifukoni.

Mchwa alisukuma tofali dirishani, likapita. Akazunguka, akaliweka. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika ule wa nne Chilufya alifumba macho. Alipoyafumbua, Mchwa alikuwa katika wa tano. Wazazi walianza kuhesabu pamoja naye.

Katika mzunguko wa saba Mchwa alisukuma tofali dirishani, likakwama. Akasimama.

"Imeharibika," mtu alisema nyuma. Baba mmoja mwenye huruma aliinuka kwenda kusaidia.

"Mstari, Papa," Madame Christiane alimkumbusha, na yule baba akarudi kukaa.

Mchwa alirudi nyuma kidogo. Akageuka, akaliweka lile tofali ndani ya kikapu kilichokuwa kando, akaenda kuchukua jingine. Likapita. Akaliweka ukutani pale lilipotakiwa.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Papa Ngosa, peke yake, kwa mikono yake mipana. "Huyu," aliwaambia majirani wa kiti, "anaweza kuja kufanya kazi kwangu." Ndipo ukumbi mzima ukamfuata. Tofali la tisini na sita lilipokaa juu ya mzunguko wa nane, Plamedie alikuwa ameshika mikono ya Ézéchiel na Chilufya, wote watatu wakirukaruka, lakini nyuma ya mstari.

Mkurugenzi wa shule alitaka kujua ni nani aliyefikiria lile dirisha. Ézéchiel alimsukuma Chilufya mbele. Naye aliwaeleza wote jinsi alivyoharibu matofali, jinsi alivyodanganya, na jinsi mwenzake alivyobeba lawama. Hakuruka jambo. Kisha akawaambia kwamba programu yote, tangu mwanzo, ilikuwa sahihi, na ilikuwa ya Ézéchiel Kabongo. Wazazi wa Ézéchiel walikuwa mstari wa tatu. Mama yake alisimama ili watu wamwone vizuri.

Watu walipoanza kutoka, Papa Ngosa alikwenda kwenye kikapu, akalichukua tofali lililokataliwa, akalitazama kwa jicho moja.

"Hii ulisugua saa ngapi?"

"Mwisho kabisa, Papa. Nilikuwa nimechoka. Nilidhani halitaonekana."

"Mashine imeona." Alicheka, kisha akawaita Plamedie na Ézéchiel nao wasogee. "Sikieni, batoto. Miaka mingi ninasema, matope yataficha. Ninasema mbele ya huyu mutoto, na yeye amesikia. Basi leo ninajisahihisha. Matope inaficha tofali, haiinyooshi. Na uongo njo vile. Unapaka juu, bantu banaona ukuta muzuri, lakini kosa iko ndani inangoja, na siku itaanguka, itaangukia mwingine. Huyu Ézéchiel iliangukia yeye. Kosa, sema mapema, wakati ingali tofali moja mukononi. Hapo dawa haikose."

"Ndiyo, Papa," walijibu watatu.

"Ndiyo ya kweli?" aliuliza Madame Christiane aliyekuwa akifagia chaki.

"Ya kweli, Madame," alisema Chilufya, na safari hii neno lilikuwa na uzito wake.

Jumatatu asubuhi alifagia uwanja, akawapa bata maji, akampelekea baba yake chai. Kwenye usukani wa baiskeli, kando ya ndoo, kulikuwa na ubao mpya wenye dirisha kubwa, kipimo cha tofali la nyumba. Papa Ngosa alimwachia nusu ya mkate kama kawaida. Chilufya aliukata tena katikati, kipande kimoja akala njiani, na kile kingine akakifunga kwa karatasi kumpelekea Ézéchiel.